Njia Niliyomsafishia Mke Wangu

Mke wangu alipotea saa sita mchana, jua likiwaka, kwenye njia ya mlimani, mimi nikiwa mbele yake mwendo wa dakika kumi tu.

Hakukuwa na ukungu. Hakukuwa na mnyama.

Mwaka mzima nimewaambia watu kwamba aliyemuua ni kiongozi wetu wa njia, kijana anayeitwa Ngosa. Nilisema kanisani. Nilisema kwenye matanga. Niliandika hapahapa, na wengi wenu mlimtukana kwa niaba yangu.

Leo naomba mnisome mpaka mwisho.

Mimi naitwa Godefroid, miaka sabini na moja, mkaaji wa Naviundu. Wazazi wangu walitoka Kasai, mimi nimezaliwa hapa Lubumbashi. Mchana nilibeba magunia kwenye stoo, jioni nilikwenda shule ya watu wazima. Diploma nilipata nikiwa na miaka thelathini na tisa. Iko sebuleni, ndani ya fremu.

Tangu siku ile sikupenda tena mtu anielekeze. Nasema ukweli.

Nilipostaafu nilinunua kitabu kwa wauza vitabu vya zamani mjini. Kilikuwa cha Kifaransa, juu ya hifadhi za milima yenye theluji kule Ulaya na namna ya kutembea ndani yake. Viatu gani, fimbo gani, maji kiasi gani. Kila ukurasa niliupigia mistari. Sentensi moja niliikariri: mtembezi mstaarabu huondoa kinachozuia njia, ili anayekuja nyuma apite salama.

"Na sisi tuko na milima," nikamwambia mke wangu, Mwansa. "Tutaenda."

Mwansa alikuwa anachambua mboga. Yeye ni mtoto wa kijijini, watu wa asili ya huku. Mimi aliniita kwa jina la binti yetu.

"Papa Falonne, miye nilizaliwa mu pori, nikatoka. Weye mutu wa ville, wa muji, njo unataka kunirudisha?"

"Ni matembezi."

"Tunaenda kutafuta kuni ao?"

"Tunaenda kuangalia mandhari."

"Aa. Kitabu kimesema."

Alicheka mpaka mboga zikamwagika. Lakini alikwenda. Miaka arobaini na nne, popote niliposema twende, Mwansa alifunga kitenge chake akaja.

Tukaenda mwezi wa saba, kwenye hifadhi moja ya uwanda wa juu, mbali kaskazini kupita Kinsevere. Jina silitaji, wao hawana kosa. Kule juu asubuhi majani huwa meupe kwa baridi. Unaona bonde chini, bluu tupu, na maporomoko ya maji unayasikia kabla hujayaona.

Mwansa alisimama akaangalia muda mrefu.

"Iko muzuri," akasema. "Kitabu hakikusema bongo, hakikudanganya."

Goti lake lilikuwa bovu. Kila baada ya hatua mia aliketi. Ngosa, kijana mpole wa maneno machache, aliketi naye. Mimi nikachoka kungoja.

"Papa, tungoje mama," Ngosa akasema.

"Ramani ninayo. Kusoma najua."

Nikatangulia. Na kwa sababu Mwansa alikuwa nyuma na goti lake, nikamsafishia njia. Jiwe, nasogeza. Kijiti, natupa. Kwenye njia panda nikakuta tawi kubwa lenye majani mabichi limelala katikati ya njia ya kushoto. Nikaliokota, nikaliweka pembeni vizuri. Kisha nikashika ya kulia, kama ramani ilivyosema.

Nilijisikia mume mwema.

Nilipofika juu, penye maporomoko, niliwaona chini yangu, karibu kama mtu aliye uani, ingawa njia yenyewe ilizunguka. Nikaita.

"Ngosa. Njoo unipige picha, jua linageuka."

Nikamwona anasita. Sauti ya Mwansa ikanifikia:

"Enda, mwanangu. Ukikawia atakusomea kitabu."

Ngosa akakata moja kwa moja kwenye mteremko, kwa mikono na miguu, hakupita njia panda. Akanipiga picha nne. Ya tano nilimwambia arudie, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho.

Tulipoangalia chini, Mwansa hakuwepo.

Tukangoja dakika kumi. Ishirini. Tukaita. Ngosa akateremka mbio, akaniambia nisitoke pale.

Njia ya kushoto ilikuwa ya zamani. Mvua zilikuwa zimekula ukingo wake. Ngosa alimkuta Mwansa chini ya korongo, akambeba mgongoni saa mbili nzima. Alipofika kwangu alikuwa amebeba maiti.

Ofisini kwao mkubwa wao aliuliza, "Ile njia haikuwa na alama?"

Nilijibu wa kwanza. "Hakuna alama. Mimi nilipita kabla yake. Huyu alimtelekeza mke wangu."

Ngosa aliniangalia. Kisha akaangalia sakafu.

"Nilimuacha mama peke yake. Ni kosa yangu."

Akafukuzwa siku hiyohiyo. Mimi nikaona haki imetendeka.

Mwezi uliopita, binti yetu Falonne alitaka kuona mahali mama yake alipoanguka. Tukapanda pamoja. Kiongozi alikuwa dada mmoja, Exaucée. Penye njia panda akakata tawi lenye majani, akalilaza katikati ya njia ya kushoto, juu ya lingine lililokauka.

"Hiyo ya nini?" Falonne akauliza.

"Njia iko ya kufungwa. Huku kwetu tawi bichi mu njia, muntu hapiti. Hata mutoto anajua."

"Ni kweli," Falonne akasema. "Mama aliweka vile kwetu, siku balimwaga simenti ku baraza."

Nikaketi chini, macho kwenye lile tawi.

"Papa, unaumwa?"

"Ni baridi."

Ndiyo, nilimdanganya mwanangu penye njia iliyomuua mama yake.

Nilikaa siku tatu bila kula. Ya nne nikapanda basi. Niliambiwa Ngosa yuko Kambove, na wachimbaji wadogo. Nilimkuta anaosha mawe ya shaba, amekonda, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Aliponiona alisimama, akafuta mikono, akanitafutia ndoo ya kukalia.

"Karibu, muzee."

"Ngosa, lile tawi niliondoa mimi."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Nililikuta pembeni, limelazwa sawasawa, kama mutu anapanga vitabu. Mbuzi hawezi kufanya vile."

"Kwa nini hukusema? Nilikuharibia jina. Nilikuharibia kazi."

Akainama kwenye mawe yake.

"Mama alikataza."

Nikasogeza ndoo karibu naye, akaendelea.

"Alikuwa anasema bado, pale mu mugongo yangu. Nilimuuliza, mama, haukuona tawi? Akasema hapakuwa tawi. Halafu akacheka kidogo. Akasema, ni muzee wangu, anafagia mpaka pori."

"Kisha?"

"Akasema, Ngosa, usimuambie. Yule ukimuonyesha kosa anaumia sana. Umuache vile."

Nililia mbele ya wachimbaji, mzee mzima na tai yangu. Ngosa hakunigusa. Alisimama upande wa jua ili kivuli chake kinifunike, akangoja.

Hapo ndipo nilipoielewa ndoa yangu. Miaka arobaini na nne nilidhani mke wangu ananikubali kwa kila jambo kwa sababu niko sahihi kwa kila jambo. Kumbe alikuwa ananihurumia. Alinyamaza mezani, alinyamaza barabarani, na nguvu zake za mwisho alizitumia kuninyamazia tena.

Jioni ile nilimweleza Falonne. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake, akaondoka. Hajarudi bado. Simlaumu.

Barua ya kukiri kosa langu nimepeleka kule hifadhini kwa mkono wangu. Jibu sijapata. Na hapa nasema mbele yenu nyote: Ngosa hakuua mtu. Mliomtukana, futeni matusi hayo midomoni mwenu. Mwenye kosa ni Godefroid.

Ndugu zangu wasomi, na hasa sisi tuliosoma kwa shida: ukifika nchi ya watu, ukakuta kitu hukielewi, uliza kabla hujakigusa. Na ukiwa na mtu nyumbani asiyekukosoa kamwe, usijisifu. Kaa naye leo, mwombe akuambie unapokosea, kisha uvumilie kusikia.

Mimi sikumwomba. Na sasa hakuna wa kuniambia.