Huseni na Maji ya Moto ya Kajaga

Mimi napika katika nyumba ya wageni pale Kajaga, kando ya ziwa, na Huseni anatunza jakuzi, lile beseni kubwa la maji ya moto la wageni. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sijawahi kumshinda kwa ubishi, nami ni mbishi kweli. Zamani alikuwa fundi wa magari mtaa wa Buyenzi, mjini, ndiyo maana hadi leo anatega sikio kwenye pampu kama vile anasikiliza injini. Kila asubuhi anachovya majini ile karatasi yake nyembamba ya kupimia, anaiinua juani, anangoja rangi. Ikibaki nyeupe, bromini, ile dawa ya kuua wadudu majini, imekwisha. Ikiwa kijani kilichokoza, imezidi, na hakuna anayeingia. Kijani chepesi ndiyo ruhusa. Nimemwona akimrudisha mgeni aliyekwisha kuvua viatu, kwa upole kabisa, na mgeni akarudi kitini kungoja.

Mkewe anaitwa Fatouma. Mvua zilipoanza mwaka huu magoti yake yalikataa kazi, akawa anaswali kwenye kiti. Na hapo ndipo binti yao Houda alikuwa anaolewa. Katika ukoo wao mama wa bibi harusi ndiye anayefungua ngoma. Asipoinuka yeye, hainuki mtu. Fatouma aliniambia mwenyewe kwamba hapati usingizi, anawaza watu wote wamekaa wanamtazama, na yeye hawezi kusimama.

Mwenye nyumba yetu, mama Geneviève, alipopata habari akasema siku moja kabla ya harusi hatuna wageni, Fatouma aletwe akae kwenye maji ya moto mpaka magoti yalegee. Nilifurahi, na siku hiyo nikakaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani.

Nilidhani atakuja peke yake. Alikuja na mashangazi wa Houda, yaani dada zake Huseni, gari zima. Sasa, kwa watu wale, kwenda kwa watu wiki ya harusi na ngozi imepauka ni aibu kubwa. Walikuwa wamejipaka mafuta ya nazi na manukato toka shingoni hadi nyayoni, wanang'aa. Huseni, kwa heshima, alibaki nyuma ya uzio wa matete, akawaambia kutoka huko kwamba kila mtu aoge kwa sabuni kwanza. Walimwitikia vizuri sana. Wakalowesha miguu tu, wakaingia na kanga zao ili kumwonjea wifi yao maji.

Kabla Fatouma hajavua kandambili, maji yalikwisha kuwa meupe, yana povu kama sufuria ya maharagwe. Huseni alinipitishia karatasi juu ya uzio. Niliichovya, ikabaki nyeupe vilevile, nikamwambia. Akasema watoke wote, na mama Houda asiingie.

Mashangazi walilalamika kwamba povu ni dalili ya usafi. Niliwakasirikia. Lakini nilimkasirikia Huseni zaidi, kwa sababu Fatouma alikuwa amekaa pale pembeni anajikanda goti, na gari lilikuwa liwarudishe kabla ya magharibi. Nikamwendea nyuma ya uzio, nikamsihi amwache aingie hivyo hivyo, mafuta ya nazi hayajaua mtu.

"Irène," akasema, "mafuta imekula dawa yote. Mu maji ya moto vile, wadudu inazaa mbio. Maji yenye siwezi kuwekamo mugeni, siwezi kuwekamo bibi yangu."

Nikarudi kuwaondoa wanawake.

Walisogea bustanini, na Huseni akaingia kazini. Aliondoa povu, akatoa chujio na kuliosha kwa mpira wa maji, akawasha pampu, akamwaga unga ambao kwa Kifaransa cha kwenye pakiti anauita shoki. Unga huo unaunguza mafuta na kuiamsha bromini iliyolala majini. Kifuniko unakiacha wazi, maji yapumue, halafu unangoja ukali upungue. Hapo pa kungoja ndipo penye kazi. Mashangazi, safari hii wameoga kwa sabuni kweli, waliona haya wakanimenyea viazi vyote vya jikoni. Nilipima: kijani kilichokoza. Nikapima tena: kilekile. Fatouma alikuwa anatazama maji tu, nami nikaanza kumwomba Mungu kwa ajili ya jakuzi, kitu ambacho sijapata kukifanya maishani.

Jua lilikuwa linashukia milima ya Kongo, na dereva amekubali kungoja, nilipoinua karatasi nikaona kijani chepesi. Nikaipitisha juu ya uzio. Huseni aliikagua kana kwamba hajawahi kuona rangi.

"Aingie," akasema.

Tulimshika mikono akashuka taratibu. Alipofika kifuani akafumba macho, halafu akaanza kucheka, kicheko cha msichana, na wifi zake wakapiga vigelegele. Nilimpelekea Huseni sahani ya ndagala, nikamkuta anajipangusa macho. Akadai ni ule unga.

Kesho yake, Buyenzi, ngoma zilipolia, watu wote walitulia kumtazama Fatouma. Akaweka mikono juu ya magoti, akainuka. Alicheza! Nililia hadharani na sikujali. Alizunguka ua mzima, kisha akaenda moja kwa moja kwa mumewe, ambaye hajawahi kucheza harusi yoyote, hata ya kwake. Huseni akaanza kujitetea kwamba viatu vinambana.

Fatouma alichomoa kwenye kanga karatasi ya kupimia, akaichovya ndani ya glasi ya maji ya mumewe, akaiinua juani na kungoja, kama yeye anavyongoja kila asubuhi. Ua mzima ulingoja pamoja naye.

"Rangi imefika, baba Houda," akasema. "Ingia."

Huseni akavua viatu, akaingia.