Kilio Nje ya Chumba cha Mtihani

Asubuhi ya mtihani wa hisabati wa kidato cha nne, Kalunde alikuwa ameketi kitini nje ya jiko la shule, mahali ambapo Wavinya angemwona kutoka dirisha la darasa. Ndivyo walivyopatana.

"Mwaitu, usiondoke hapo," Wavinya alimwambia, akimwita mama ingawa hakumzaa. "Nikimwona Muthama, nitaandika."

Muthama ni mtoto wa Wavinya, wa miezi saba. Alikuwa amelala mapajani mwa Kalunde, mwili una joto la kuota meno.

Kalunde ni mpishi wa shule hiyo, mwendo mfupi kutoka soko la Zombe. Yeye aliishia darasa la saba. Wavinya alipopata mimba na kwao wakasema mambo ya vitabu yamekwisha, ni Kalunde aliyemfuata, akakaa na nyanya ya Wavinya kutwa nzima mpaka akakubali msichana arudi shuleni. Tangu hapo Wavinya alikuja jikoni kila mchana kunyonyesha, na Kalunde, huku akikoroga muthokoi wa mahindi na maharagwe, alitaka aelezwe kwa Kikamba yote yaliyofundishwa asubuhi.

"Hapo sijaelewa," angesema. "Kama mimi sijaelewa, wewe pia bado. Rudia."

Siku zingine Wavinya alirudia mpaka machozi yakamtoka. Lakini alama zilipanda.

Sasa saa tatu ikafika, na Muthama akaamka. Alianza taratibu, kisha akapaza sauti. Kalunde alimpa uji, akautema. Akamwimbia wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Wapi! Polisi aliyelinda mtihani akaja, bunduki begani.

"Mama, huyu naye amesajiliwa?"

"Afande, ni meno."

"Meno gani na hata hana? Mnyamazishe. Watoto wa watu wanafanya hesabu."

Kalunde akatazama dirishani. Wavinya alikuwa ameweka kalamu chini. Alikuwa ameinuka nusu, mkono umeshika meza, na msimamizi anamwendea. Akitoka sasa, Kalunde alijua, hatarudi tena kwenye hesabu zile. Mtoto akiendelea kulia hapa, atamtoa mama yake nje. Lakini mtoto akiondolewa, msichana ataona kiti kitupu na kudhani mtoto amezidiwa, amekimbizwa hospitali.

"Mungu wangu, nishike mkono," akanong'ona. Akamfunga Muthama mgongoni kwa leso, akaondoka.

Alikwenda upesi mpaka kwenye mto uliokauka, ambako wanawake walikuwa wakichimba mchanga kutafuta maji. Mtoto alilia njia nzima. Wanawake wakauliza kama kuna msiba. Akawapita. Alizunguka mchangani, mbele na nyuma, na kila alipokifikiria kile kiti aligeuka kutazama upande wa shule. Kama amekosea, amemharibia msichana miaka yake yote ya shule, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye.

Alirudi karatasi zilipokuwa zimekusanywa. Wavinya alimjia mbio, blauzi imelowa maziwa, akampokonya mtoto.

"Uliniahidi, Mwaitu! Naangalia, hakuna mtu! Nilijua amekufa!"

"Nisamehe, mwanangu. Ulitoka?"

Wavinya aliketi pale pale vumbini, akamnyonyesha, huku akimpapasa paji, kifua, miguu.

"Niliinuka mara mbili," akasema mwishowe. "Halafu nikajiambia, kama ni wewe umempeleka, basi yuko salama. Nikakaa. Nimebakisha swali moja tu."

Kalunde akafuta macho.

Saa nane kulikuwa na karatasi nyingine. Ilipokaribia, Wavinya alimbusu mtoto, akamrudisha mikononi mwa Kalunde.

"Sasa mpeleke mbali kabisa. Nisimsikie."

"Kwani siku hizi ni wewe unanituma?"

"Nakutuma, Mwaitu. Nenda."

Matokeo yalipotoka Januari, Wavinya alikuwa na C ya kujumlisha, iliyotosha chuo kikuu, na sasa anasomea ualimu. Siku ya matokeo watu wa sokoni walikwenda kumpongeza nyanya yake. Kalunde hakuwapo, kwani shule ilikuwa imefunguliwa, na watoto walikuwa wanangoja chakula.