Mafuta ya Mtoto kwenye Boti

Baba yangu alikuwa mwongo wa kitu kimoja tu, nacho ni kazi yangu. Kwa mengine yote alikuwa mkweli hadi kukera. Aliwahi kumwambia mchungaji, mlangoni mwa kanisa, kwamba mahubiri yake yanaleta usingizi. Lakini mtu akimuuliza binti yake anafanya nini, alikohoa kidogo kisha akasema, "Yuko benki." Mimi nina meza, viti viwili na taa pale Kariobangi, nasugua na kupaka watu kucha. Kule nyumbani, upande wa ziwa, kaka yake Baba alishaanza kuniuliza habari za mikopo. Ilinikera, na zaidi ya kunikera iliniuma. Nilitaka mara moja tu, kabla hajahama Nairobi, aitaje kazi yangu kwa jina lake.

Na alikuwa anahama Jumamosi. Alipostaafu kiwandani, wenzake walitarajia apewe saa ya ukutani. Tajiri wake akampa boti, boti ya plastiki ngumu ya faiba aliyoinunua zamani ya kutembelea Ziwa Naivasha, akaichoka, akaiacha uani ipigwe na jua. Baba akaileta kwetu Mowlem, akaiweka kwenye ploti yetu juu ya matairi, kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Kuku wa jirani walihamia siku hiyo hiyo bila kuulizwa.

Alinuia kurudi nayo nyumbani. Kwetu, mtu aliyekaa Nairobi maisha yake yote halafu ashuke kijijini mikono mitupu, huwa kichekesho cha matangani hadi matanga yake mwenyewe. Kaka yake alishamwambia kwa simu kwamba anasubiri aone ataleta nini zaidi ya kikohozi.

Shida ni kwamba boti ilikuwa imepauka. Hapo zamani ilikuwa ya buluu. Sasa ukiigusa, kiganja kilitoka na unga mweupe kama umefuta ubao wa shule.

Jumatatu nilirudi kutoka kazini nikaikuta inang'aa. Nilisimama langoni mdomo wazi. Baba alikuwa kando yake, mikono inateleza hadi viwikoni, na chini kumelala mikebe mitatu mitupu ya yale mafuta mazito ya kupaka watoto. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu hapo Baba alikuwa na dawa moja ya kitu chochote kilichopauka. Kila Jumapili alinishika kidevu akanipaka hadi ningeweza kukaangwa, ndipo tukaenda kanisani.

"Unaona?" akaniambia. "Ilikuwa kiu tu."

Kufikia Jumanne jioni vumbi lote la Mowlem lilikuwa limehamia pale, na manyoya ya kuku juu yake. Soksi ya mtoto ilianguka kutoka kambani ikanasa ubavuni. Boti ilikuwa imeota ndevu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwona Baba akiibandua ile soksi polepole, nikaona aibu nikaacha kucheka.

Kesho yake asubuhi akamleta fundi wa kupaka magari rangi. Yule bwana akaizunguka boti, akaigonga kwa kidole.

"Mzae, hii ni kitu ya siku mbili. Tunaziba na filla, tunapiga rangi, Ijumaa unachukua ikiwa mpya."

"Juu ya mafuta?" nikauliza. "Na juu ya huo unga? Itababuka kabla haijafika Nakuru."

"Sista, kwani wewe ni fundi?"

Baba akakohoa. "Huyu yuko benki," akasema.

Niliingia ndani nikatoka na asetoni yangu ya kufutia kucha, pamba na misasa. Kucha iliyochakaa haipakwi rangi juu ya uchafu. Kwanza unaondoa mafuta, kisha unasugua, unaanza na msasa mkali na kumalizia na laini, na mkono hausimami mahali pamoja, kwa sababu lile tabaka la juu ni jembamba na ukilimaliza hakuna la kurudisha. Boti nayo ni kucha, ila kubwa, na haikusimulii mambo ya mume wake. Nikasafisha kipande cha upana wa sinia, nikakisugua kwa msasa na maji, nikamalizia na dawa yangu ya kung'arishia. Buluu ikatoka. Ilitoka nzito, ya kweli, na sura ya yule fundi ilionekana ndani yake.

"Aisee," akasema. "Wacha nikuletee mashine ya kusugulia."

Nilifunga meza yangu siku tatu. Tulitundika shuka juu ya boti, maana juani ile dawa hukauka kabla hujaifuta. Baba alishika ndoo.

"Maji, Baba."

Akamwaga.

"Si hapo. Hapa."

Akamwaga hapo. Sikuwahi kumwamuru maishani, na kusema kweli nilinogewa.

"Na huko kwako ndivyo mnavyofanya?" akauliza Alhamisi, macho yake kwenye vidole vyangu, vilivyochubuka.

"Hivi hivi. Kutwa nzima."

Akamwaga maji mahali penyewe bila kuamriwa.

Ijumaa nilipaka nta mara mbili. Jogoo alijiona ubavuni akaanza kupigana. Kwenye pembe moja ya nyuma nilikuwa nimekaza mkono, tabaka la juu likaisha, pakabaki weupe kidogo, na paliniudhi kuliko jogoo.

Jumamosi asubuhi lori lililoleta mahindi lilikuja kubeba boti na virago vya Baba. Vijana walikuwa wakikaza kamba kaka yake alipopiga simu. Alikuwa ametumiwa picha. Baba huweka simu kwenye spika, kwani mashine za kiwandani zilimla masikio. Walizungumza lugha ya nyumbani, ambayo naielewa kuliko wanavyodhani.

"Nairobi umempata wapi fundi wa boti?"

"Si fundi wa boti. Ni fundi wa kucha."

"Kucha gani?"

"Za vidole. Ana meza yake Kariobangi. Ni binti yangu."



"Si huyo yuko benki? Walimfukuza?"

Baba alikohoa. Kisha akanitazama, mbele ya vijana wa lori na ploti nzima.

"Hakufukuzwa," akasema. "Hakuwahi kufika huko. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa mdomo wangu."