Sura ya Alama Kumi

Sisi tuliosoma Kisangani kabla ya simu kuingia mifukoni mwa watoto tunajua jambo ambalo wadogo zetu hawatalijua kamwe: jinsi darasa zima lilivyonyamaza mwalimu aliposhika chaki na kuandika ubaoni namna alama za mtihani zitakavyogawanywa. Hata ibada ya Ijumaa Kuu haikuwa na ukimya ule. Tulikaa watatu kwenye dawati la watu wawili, mashati meupe na sketi za buluu, vidole vikinuka mafuta ya mikate tuliyonunua langoni, na hata wachokozi wa nyuma waliokuwa wakirushiana vipande vya chaki walitulia wakatoa kalamu.

Nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari, upande wa sayansi. Kemia ilikuwa mikononi mwa Prof Bolamba, mtu mrefu na mwembamba, aliyefika kila asubuhi juu ya toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria zenye mto nyuma, amekaa wima kama askofu. Siku hiyo aliandika bila kugeuka. Mole, alama kumi. Gesi, ishirini. Miyeyusho, thelathini. Asidi na besi, arobaini. Akajipangusa chaki kwenye suruali, akasema, "Bon. Nimewaonyesha uzito. Kubeba iko kazi yenu."

Laiti mngeliona lile darasa! Kurasa za mole zilifungwa palepale, na nyingine hazikufunguliwa tena hadi leo. Kumi tu! Na kwa sura kavu namna ile, ya kupiga hesabu ya kugeuza gramu kuwa mole, nani angejisumbua? Sasa, desturi yetu ilikuwa kugawana sura. Kila kikundi kilikamata sura yake, kikaimeza yote, kisha kikawafundisha wengine. Wenye vichwa walirukia asidi na besi kama watu wanaogombania nyama ya harusi. Mimi na rafiki yangu Marceline tulichelewa kunyoosha mikono, mole ikatuangukia. Tulisindikizwa hadi barabarani kwa kelele za kutuita akina mama wa alama kumi: "Ba-maman dix points! Ba-maman dix points!"

Marceline alicheka nao. Mimi sikuweza. Papa alikuwa na duka la jumla mjini. Alikuwa ametoka Butembo akiwa kijana, na bidhaa zake zilikuja kwa malori kupitia Bafwasende, ambako mvua ikinyesha lori linalala kwenye matope mpaka dereva anazoeana na wanakijiji. Alitaka mtoto wa kumsaidia dukani, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilipoleta alama arobaini na tano za kemia kwenye mtihani uliotangulia, aliniita sebuleni.

"Kavira, chimie itatuletea nini ku magasin?"

Hakungoja jibu.

"Alors, sikia. Safari hii ukipata chini ya soixante, mwaka kesho unaenda commerciale. Ukipata soixante, sitasema kitu tena. Tumepatana?"

"Ndiyo, papa."

Sitini, au upande wa biashara: ungejibu nini kingine? Enzi zetu mzazi alipouliza "tumepatana," hakuwa akiuliza. Lakini niliumia moyo. Tangu siku Prof Bolamba alipodondosha tone moja kwenye maji meupe, na maji yakageuka rangi ya waridi mbele ya macho yetu, sikutaka kitu kingine duniani. Watoto wa leo wanaona maajabu mia kwa siku kwenye kioo cha simu na hawapepesi macho. Sisi tulipewa ajabu moja kwa mwaka, tukaililia.

Basi niliamua kuitupa mole kimyakimya na kukimbilia zile arobaini. Jumamosi iliyofuata nilikuwa dukani nikisaidia, na papa alikuwa akihamisha magunia ya chumvi hadi mlangoni, jasho likimtiririka. Nilimwuliza kwa nini anaumia mgongo kwa ajili ya chumvi, wakati kila siku analalamika kwamba haina faida.

"Mu chumvi hamuna faida, najua," alisema. "Lakini mutu akikosa chumvi kwangu, ataenda kwa mwingine, na kule njo atanunua mafuta, na sukari, na sabuni, yote. Chumvi njo inamuingiza mutu."

Akaendelea na kazi yake. Kisha nikachukua daftari langu la kemia, nikakaa juu ya gunia, nikafungua asidi na besi. Zoezi la kwanza: gramu kadhaa za kitu fulani. La pili: gramu. Nikarudi kwenye miyeyusho: gramu. Gesi: gramu. Karibu kila zoezi mlango wake ulikuwa ni kugeuza gramu kuwa mole, na darasa zima lilikuwa limeutupa ufunguo kwa sababu uliandikiwa alama kumi. Nilicheka peke yangu hadi papa akaniuliza kama nina homa.

Kwa kina Marceline walikuwa wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto wetu, na huko ndiko tulikojifunzia, juu ya mawe, chini ya zile nguzo ndefu zinazoshika mitego. Maji yalinguruma kiasi kwamba ilibidi kupiga kelele. Fikiria wasichana wawili wakipaaziana sauti "Gramu gawanya kwa masi ya mole!" huku kaka zake Marceline wakivua samaki na kutikisa vichwa. Mama yake alituletea lituma, ndizi zilizopondwa zikiwa bado zina moshi wa mkaa, na samaki waliovuliwa siku hiyohiyo, na alitukataza kugusa daftari kabla ya kunawa. Sijala chakula kitamu namna ile hotelini.

Zamu yetu ya kuwafundisha wenzetu ilipofika, tulisimama mbele tukawaambia kweli tupu: bila mole hamfiki popote. Wakatuambia tukae, muda hauko. Tukakaa.

Siku ya mtihani, lile swali kubwa la asidi na besi lilikuwa hivi: gramu nne za soda kali, ile mama zetu wanayopikia sabuni, zimeyeyushwa katika lita moja ya maji, tafuta pH. Nilisikia kalamu zikisimama. Walijua pH ni nini, walijua kanuni zake kama Baba Yetu, ila hawakujua pa kuingilia. Nne gawanya kwa arobaini, masi ya mole ya soda, sifuri nukta moja, pH kumi na tatu! Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Marceline, dawati la mbele, aligeuka nusu tu, nikaliona jino lake la pembeni likicheka.

Prof Bolamba alisoma alama kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi, wala hakumwonea mtu haya. Thelathini na mbili. Ishirini na nane. Arobaini, na huyo alipigiwa makofi. Kisha akanyanyua kichwa. "Marceline, quatre-vingt-un. Kavira, quatre-vingt-six." Themanini na moja, themanini na sita! Sikumbuki nilitokaje shuleni. Nakumbuka wale waliotuita ba-maman dix points wakitufuata wakibembeleza tuwafundishe kabla ya mtihani wa marudio. Jina hilo halikutoka, ila tangu siku ile lilitamkwa kwa adabu.

Nilikimbia hadi dukani nikiwa na Marceline. Papa alisoma karatasi, akavua miwani, akasoma tena. Kisha mtu yule ambaye hakuwahi kumpa mteja hata kiberiti cha bure alipasua katoni mpya ya poda, ile tunayommwagia mtu aliyefaulu, akatumwagia vichwani, mimi na Marceline, mpaka tukawa weupe kama unga wa muhogo. Akatoka barabarani. "Muje muone! Mutoto yangu! Quatre-vingt-six, mu chimie!" Wafanyabiashara wenzake walitoka, wapita njia wakasimama, waendesha toleka wakapiga kengele. Neno commerciale halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Leo mimi ndiye mwalimu wa kemia. Nikiandika mgawanyo wa alama, wanafunzi wanapiga picha ubao na kuniuliza sura ya kuruka: "Madame, chapitre gani tunaweza kuacha?" Hakuna mgongo ulioinama, hakuna kalamu iliyotoka. Mwaka jana binti yangu, naye yuko sayansi, alipata tisini. Alama zilikuja kwenye simu. Alinionyesha kioo, akasema, "Maman, nimepata," kisha akaichomeka simu kwenye chaji.

Nikatoka nje hivyohivyo, kitambaa cha jikoni begani, nikasimama katikati ya barabara yetu. "Muje muone! Mutoto yangu! Quatre-vingt-dix, mu chimie!" Pikipiki zilisimama, majirani wakafungua madirisha. Binti yangu alinivuta mkono, "Maman, naona haya!" Sikunyamaza. Papa hayupo tena, na nilitaka asikie.