Msumari Juu ya Birika

Ipo Jumapili moja ya baridi, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikichemsha chai. Tulikuwa tumekaa gerejini, hapa hapa Granville, mjini Sydney, mimi na mke wangu Hadija, na mgeni wetu Mzee Kombo aliyekuja kwa treni kutoka mtaa wa Lidcombe. Sebule tulikuwa nayo, tena yenye zulia. Lakini nilikuwa nimepiga marufuku chai sebuleni, kwa sababu ndimo yalimokuwa makabati ya picha zangu, na mvuke ni adui wa karatasi. Basi mzee wa watu, na magoti yake mabovu, alikunywa chai akiwa amekalia kiti cha plastiki kando ya mashine ya kukatia majani.

"Hadija mwanangu," akasema, akipuliza kikombe, "hivi nyumba hii mnaishi, au mnawalindia wenyewe?"

Hadija akacheka. "Muulize mwenye nyumba, mzee. Mimi hapa mpangaji."

Nami nikacheka. Ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi wakati huo, na sikujua kwamba kuna kicheko ambacho mtu hufunikia jambo.

Nikueleze kwanza habari ya picha zenyewe. Nilipokuwa sekondari kule Lushoto, ofisini kwa mwalimu mkuu ilitundikwa picha ya milima, ukungu na njia nyembamba. Nikadhani ni kwetu. Nilipoambiwa ni Uingereza sikuamini, na hata leo ipo sehemu ya moyo wangu ambayo haijaamini. Miaka ikapita, nikafika Sydney, nikapata kazi ya kupaka rangi magari. Siku moja nikaingia kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani, nikakutana na picha ya namna ile ile. Kiu ikanishika pale pale.

Wenyewe huziita mezotinti. Fundi wa zamani alichukua bamba la shaba, akalikwaruza lote kwa chombo chenye meno. Ukilipaka wino na kulichapa wakati huo, hutoa weusi mtupu, kama usiku usio na nyota. Ndipo akaanza kulainisha shaba kidogo kidogo pale alipotaka mwanga: ukingo wa wingu, maji ya mto, mgongo wa ng'ombe. Kila mwanga uliomo humo umetolewa gizani kwa mkono. Na bamba lenyewe huchoka upesi, kwa hiyo chapa za mwanzo tu ndizo zenye weusi ulioiva, nazo ni adimu. Hizo ndizo nilizozisaka. Nilikuwa nikizikagua kwa kioo cha kukuzia, nikitafuta weusi, kisha nazifungia kwenye droo zisione jua. Nilikuwa na hamu ya kwetu, mwanangu, na hamu hiyo nikaifungia droo.

Moja ilikuwa kipenzi cha Hadija. Bonde, mvua inaondoka, na mwanamke mdogo kama punje ya mchele yuko njiani na mzigo wa kuni. Hadija naye alizaliwa Lushoto. Akitoka kazini kwake, kwenye nyumba ya kulea wazee, alinawa mikono kama nilivyomwamuru, kisha akaniomba nimfungulie.

"Huyu anarudi nyumbani," alikuwa akisema.

"Anaenda sokoni kuuza kuni."

"Na mvua yote ile iko nyuma yake? Anarudi, Baba Zawadi. Wewe unatazama wino tu."

Picha hiyo alitaka itundikwe jikoni, juu ya birika, aione akinywa chai baada ya zamu. Fremu alishainunua kwenye duka la mitumba, na msumari aliugonga mwenyewe. Jumapili ile gerejini akamshtakia Mzee Kombo. Nikajitetea: jua la jikoni, mafuta ya kukaangia, mvuke. Na kwa kuwa nilipenda kushinda, nikamalizia na methali: "Akiba haiozi, mzee."

Mzee Kombo akaweka kikombe sakafuni.

"Akiba haiozi, kweli. Anayeoza ni mwenye akiba." Akanigeukia. Asubuhi ile nilikuwa nimemweleza, kwa majivuno, jinsi mafundi wale walivyofanya kazi. "Mtu kahangaika kuutoa mwanga gizani, wewe unaurudisha. Mtundikie mkeo picha yake."

Nikaahidi. Ila nikasema lazima nipate kwanza kioo maalumu cha kuzuia jua. Cha kwanza nilikiona chembamba. Cha pili kilikuja na mkwaruzo, nikakirudisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu. Ule msumari Hadija akawa anautundikia kitambaa cha vyombo, wala hakusema kitu tena.

Kisha akaugua. Wodini, dirisha lake lilitazama maegesho ya magari. Jioni moja akaniuliza, "Kioo kimepatikana?"

"Bado kidogo."

Akatabasamu. Laiti angenilaumu. "Basi niambie, wewe mjuzi wa picha. Yule anaenda au anarudi?"

Alilotaka kusikia nilikuwa nalijua. Lilikuwa neno moja. Lakini nilishazoea kutokosea, nikamjibu, "Nitaitazama vizuri nikifika nyumbani."

Nilifika nyumbani, nikafungua droo, nikaitazama. Ningeweza kuibeba nikampelekea. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, nikaihurumia karatasi. Hadija alifariki kabla ya asubuhi.

Siku ya hitima watu walijaa sebuleni, wakanywa chai, na sikumzuia hata mmoja. Walipoondoka nikaitia picha kwenye fremu yake ya mitumba, na kioo chake cha kawaida, nikaondoa kitambaa, nikaitundika. Binti yetu Zawadi, aliyekuwa bado shuleni, akaniambia kwa Kiingereza chao cha hapa kwamba jua la mchana linaipiga moja kwa moja. Nikamwambia najua.

Sasa nimempita umri Mzee Kombo wa siku ile, na karatasi imekuwa rangi ya chai hafifu. Wajuzi wakiiona husikitika. Lakini kwa kuitazama kila asubuhi bila kioo cha kukuzia, nikaja kuona nisichokiona miaka yote. Mbele ya yule mwanamke kipo kijumba, na ubavuni mwa kijumba, pale fundi alipoigusa shaba mara moja tu, pana mwanga mdogo. Ni mlango ulio wazi. Mtu haachiwi mlango wazi akiwa anaenda. Huwa namwambia Hadija, birika likichemka: anarudi, Mama Zawadi. Ulikuwa umeona.

Basi, mwanangu unayeanza nyumba yako, sikukatazi kupenda kitu kizuri na kukitunza. Nami zangu nyingine bado zimo kwenye droo, na bado nazipenda. Ila mgeni akija mpe kiti kizuri. Mwenzako akikuomba jambo dogo, lifanye kwa kioo ulicho nacho. Usingoje kioo kisicho na mkwaruzo. Na katika ubishi wa nyumbani, kubali kushindwa mapema, maana ushindi wangu ninao hadi leo na sina wa kumwonyesha.

Mungu akujaalie mtu wa kukuuliza maswali madogo, na akupe ulimi mwepesi wa kumjibu angali anasikia. Amina.