Neno Moja Kwenye Kompyuta ya Mashauri

Mwanamkuu, mzaliwa wa Kisarawe, alikuwa na miezi mitatu akifundisha kompyuta kwenye chuo kidogo cha Mkuza, Kibaha. Mashine zilikuwa kuukuu. Yeye ndiye aliyeziwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, zikafanya kazi tena. Tangu siku hiyo Evodius, fundi aliyemkuta pale, aliacha kuitikia salamu yake.

Jumatano asubuhi mwenye chuo, Mzee Mashauri, aliingia darasani na kompyuta yake ya mkononi, nayo ya Linux, akamwita mbele ya wanafunzi.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo ya nini? Umeniharibia kompyuta!"

Mashauri aliandika nywila yake. Skrini ikawa nyeusi, kisha ikamrudisha palepale pa kuandikia nywila. Akarudia. Vilevile.

"Si nilisema?" Evodius alidakia kutoka mlangoni. "Linux yake ni mchezo wa watoto. Tufute yote, tuanze upya."

"Na mafaili yangu?"

"Hayo sahau, mzee."

"Usiiguse!" Mwanamkuu alisema. Alibonyeza vitufe, ikaja skrini ya maandishi matupu, akamwomba Mashauri aandike nywila ileile. Ikakubali.

"Kwa hiyo nywila haina shida, mzee. Ukishaingia, kompyuta husoma kwanza maagizo yako, ndipo ilete madirisha na menyu. Yako inakwama kwenye maagizo hayo, ambayo skrini hii ya maandishi haiyasomi."

Akafungua faili dogo lililofichwa. Ndani mlikuwa na neno moja tu: exit. Yaani toka.

"Kila ukitaka madirisha, hili linakutoa. Faili linaonyesha liliandikwa jana saa sita mchana."

Jana saa sita Mwanamkuu alikuwa darasani. Aliyekaa na kompyuta hii ofisini kwa mzee, akidai anatengeneza printa, alikuwa Evodius. Mashauri mwenyewe alimwachia kompyuta ikiwa wazi. Mzee akageuka taratibu.

"Ulitaka nipoteze mafaili yangu?"

"Mnamwamini huyu wa juzi?" Evodius alifoka, akachukua begi lake na kuondoka.

Mwanamkuu alilifuta lile faili. Safari hii madirisha yalikuja, na picha ya ng'ombe wa Mashauri nyuma yake.

"Haya, fundisha," mzee alisema.

"Umeniita mharibifu mbele yao, mzee. Sema mbele yao kwamba sikuharibu."

Mashauri aliwageukia wanafunzi.

"Hakuharibu," alisema kwa chuki, akatoka.

Mwanamkuu hakumshukuru. Alifuta ubao, akaanza somo.