Barua ya Ijumaa Iliyosomwa Kanisani

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa mwalimu mpya kabisa wa sayansi. Nilikuwa nimetoka hapa Ilembo na shati langu jeupe na kiburi tele, nimepangiwa shule moja ya sekondari huko vijijini. Kila Ijumaa niliwaandikia wazazi barua fupi: wiki hii darasani tumefanya nini, wiki ijayo mtoto aje na nini. Wewe, mwalimu wa leo, unabonyeza simu tu, grupu zima la wazazi linapata. Mimi niliandika kwa mkono, barua moja kwa kila nyumba, na mwishoni niliongeza mstari mmoja kuhusu mtoto wao. Nilijiona hodari sana, usicheke.

Wiki ile tulikuwa tumepima kama ndimu, siki na maji ya majivu ni asidi au la. Darasa zima lilichangamka, isipokuwa Spesioza, binti wa Kidato cha Pili, aliyelala fofofo juu ya daftari. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo. Nilikasirika, nikaandika kwenye barua ya kwao: "Binti yenu ni mvivu. Anakuja shule kulala."

Kuna jambo sikulijua. Kijiji chao ni cha watu waliotoka Burundi miaka mingi nyuma, na wazazi wengi hawakubahatika kusoma. Karatasi yoyote iliyotoka shuleni walimpelekea katekista, naye aliisoma kanisani Jumapili, pamoja na matangazo ya ndoa na ya ng'ombe waliopotea. Hakuna aliyeona vibaya, ndivyo walivyosaidiana. Basi na mstari wangu ule ukasomwa mbele ya kijiji kizima, Spesioza mwenyewe amekaa kwenye benchi la kwaya.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano rafiki yake akanieleza yote. Mtihani wa taifa ulikuwa karibu, na kule binti akishaacha shule, kumrudisha si kazi ndogo.

Nikapanda baiskeli hadi kwao. Mama yake alikuwa amekaa mkekani na mapacha wachanga, mmoja kila upande.

"Karibu mwalimu. Umekuja na nyingine ya kusoma?"

Nikaegesha baiskeli, nikachuchumaa pembeni ya mkeka.

"Mimi nimejifungua juzijuzi tu," akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Baba yao yuko mbali, analima kwa watu. Huyo unayemuita mvivu ndiye anateka maji, anapika, anafua nepi, ndipo anakimbilia shule. Nyie walimu mngeuliza tu."

Nikaomba radhi, nikamsihi Spesioza arudi darasani. Alinijibu akiwa ndani, hakutoka. "Sirudi, mwalimu. Watu wote wamesikia."

Mama akanitazama. "Uliyasema mbele ya watu. Kayafute mbele ya watu."

Jumapili nikasimama kanisani mimi mwenyewe na karatasi yangu. Nikasoma: "Wiki hii mwalimu wa sayansi amekosea. Amemuita mvivu mtoto anayebeba nyumba nzima. Anamwomba Spesioza msamaha, na anamwomba arudi, kwa sababu darasa limepungua bila yeye." Halafu mama mmoja wa benchi la nyuma akasema kwa sauti, "Basi hayo maji tutamtekea sisi," na wenzake wakaitikia.

Jumatatu alikuja. Kipindi cha pili akasinzia tena, maskini. Nikamwachia dakika kumi, nikamgusa bega taratibu, akaamka na kupima kila chupa bila kukosea hata moja. Nilimpenda sana mtoto yule, na mpaka leo nampenda.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana na wewe una grupu lako. Waandikie wazazi kila wiki, usiache, wanasubiri. Waambie mmesoma nini, msifu anayestahili, mtaje kwa jina. Lakini likiwepo neno zito juu ya mtoto wa mtu, usilitume. Lipeleke kwa miguu yako mpaka mlangoni kwao, na ukifika, anza kwa kuuliza.

Mungu akupe macho ya kuona mtoto kabla ya alama zake, na kila nyumba ya mwanafunzi wako ifurahi ikikuona unakuja.